UZI: Faru wakirudishwa Ruaha, ulinzi wao utakuwaje? Wenye ujuzi tuingie kwa undani

Mnyalu_wa_Idodi (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Habari ya kurudisha faru Ruaha ikiibuka hapa Iringa, mazungumzo huishia kwenye watalii na fedha. Kazi yenyewe ya kumlinda mnyama huyu haizungumzwi. Faru weusi walikuwepo Ruaha na Rungwa, wakamalizwa na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Afrika nzima walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Kufikia 1995 walibaki wapatao 2,400. Sasa wamevuka 6,000, na kila mmoja wa hao walioongezeka ana watu waliomlinda usiku na mchana.

Naomba tuujaze uzi huu mambo ya kazi: doria, utambuzi, pembe, mpakani, mahakamani.

Naanza na hesabu, maana bila hesabu hii mengine hayaeleweki. Faru jike mweusi hubeba mimba miezi 15 hadi 16, huzaa ndama mmoja, halafu hupita miaka miwili na nusu hadi minne kabla ya kuzaa tena. Kundi lililotunzwa vizuri hukua kwa 5% hivi kwa mwaka. Chukua kundi la faru 40: nyongeza yake ni wawili. Majangili wakiua wawili tu mwaka huo, kundi limesimama palepale. Na mmoja wao akiwa jike mwenye ndama anayenyonya, umepoteza watatu, pamoja na ndama wote ambao angewazaa baadaye. Kwa hiyo mtu asituletee takwimu za majangili waliokamatwa kama kipimo cha mafanikio. Ukimkamata jangili na kipusa (pembe ya faru) mkononi, faru ameshakufa.

Mzee_wa_Nyayo

Mleta uzi umeanza pazuri. Nichukue doria.

Kosa la kwanza ni kutaka kulinda hifadhi nzima. Ruaha ina kilomita za mraba zipatazo 20,000. Ukiweka askari mmoja kwa kila kilomita za mraba 10, unahitaji askari 2,000 kwa faru peke yao. Haiwezekani. Njia iliyofanya kazi kwingine ni kutenga eneo la ulinzi maalumu, tuseme kilomita za mraba 400, na kuwafungia faru wa mwanzo humo. Hapo unahitaji askari 40 porini. Nasema porini, si kwenye orodha ya mishahara. Kuna walio likizo, wagonjwa, walio kwenye mafunzo, waliokwenda kutoa ushahidi Iringa mjini, wanaolinda lango na redio. Ukitaka 40 wawe wanatembea kila siku, ajiri wasiopungua 75. Mipango mingi huanguka hapo: inaandikwa 40, wanaajiriwa 40, porini wanaonekana 18.

Kosa la pili ni doria ya kutembea tu. Doria ya faru lengo lake ni kumwona kila mnyama kwa jina lake. Kila faru ana alama za kukatwa masikioni, na nafasi ya kila alama ina namba yake. Ukijumlisha unapata namba ya mnyama. Asiye na alama yoyote, ya kukatwa wala ya asili, ndiye anayewasumbua askari, maana wawili wa hivyo wakionekana kwa siku tofauti mtawaandika kuwa ni mmoja.

Kwenye fomu ya kuonekana kwa faru andika tarehe, saa, nukta ya GPS, namba ya mnyama, jinsia, yuko na nani, hali ya mwili kwa daraja 1 hadi 5, hali ya pembe, na umri kwa madaraja A hadi F: A ni mchanga wa hadi miezi mitatu, B hadi mwaka mmoja, C hadi miwili, D hadi mitatu na nusu, E hadi saba, F ni mkubwa kamili. Usipomwona mnyama ukaona unyayo, usiandike umemwona. Kwenye ubao wa ofisi kila jina liwe na tarehe ya mwisho ya kuonekana. Likifika siku 14 bila kuonekana, timu inatumwa kumtafuta yeye tu. Kuna mahali mizoga imekutwa na umri wa miezi, huku ripoti za kila mwezi zikisema "faru wote salama". Askari walikuwa wanakopi orodha ya mwezi uliopita.

Nyayo: faru ana vidole vitatu, kiboko ana vinne. Huku kwetu wanaokaa karibu na Ruaha Mkuu huwachanganya sana hawa wawili, hasa kwenye mchanga mlaini. Faru mweupe kisigino chake kina mkunjo ulioingia ndani, mweusi kisigino chake ni cha mviringo zaidi. Na ule mtandao wa mipasuko chini ya unyayo haufanani kati ya faru mmoja na mwingine, kwa hiyo piga picha ukiweka rula pembeni.

Kinyesi: mweusi hula matawi, na vijiti ndani ya kinyesi chake huwa vimekatwa mshazari kwa ncha safi, kama kwa mkasi. Cha tembo kina nyuzi ndefu na vijiti vilivyotafunwa ovyo. Faru huacha kinyesi kwenye malundo anayoyarudia, kwa hiyo ramani ya malundo ni ramani ya njia zake. Itunzeni kama silaha, isiwe karatasi ya kubandikwa ukutani.

Mtoto_wa_Mufindi

Swali fupi wakuu. Kwa nini wasifungwe vifaa vya GPS shingoni kama tembo, tukawafuatilia kwenye skrini tukiwa ofisini?

Mzee_wa_Nyayo

Shingo ya faru ni nene na inapungua kuelekea kichwani, halafu kichwa anakiinamisha muda wote. Mkanda ukilegea unateleza na kutoka, ukibana unamchubua. Kuna waliofunga mguuni: mkanda unakusanya tope na kuleta vidonda usipokaguliwa. Kuna waliotoboa pembe na kuweka kifaa ndani, lakini pembe inakua na faru anaisugua kwenye magogo na mawe, kwa hiyo baada ya muda kifaa kinasogea juu au kinavunjika. Vifaa ni msaada. Kikizima kwa siku tatu, anayekwenda kuangalia ni mtu mwenye miguu.

Daktari_wa_Pori

Niingie kwenye kukata pembe, maana najua mjadala utafika huko.

Pembe ya faru ni keratini, kitu kilekile cha kucha, nywele na kwato. Haina mfupa ndani. Ukiikata juu ya sehemu inayoota, faru hasikii maumivu zaidi ya wewe unapokata kucha. Ukikata chini zaidi, unafika kwenye nyama hai: damu, maambukizi, na pembe inaota vibaya.

Kazi inafanyika alfajiri, kukiwa na baridi. Faru aliyelala kwa dawa joto lake hupanda haraka. Ukianza saa tano asubuhi ya Oktoba pale Msembe, makao makuu ya hifadhi, unatafuta msiba. Dawa kuu ni etofini, inayopigwa kwa bunduki ya sindano. Dawa hiyo ni hatari mno kwa binadamu, hata kiasi kidogo kikigusa jicho au kidonda. Kwa hiyo kabla bunduki haijajazwa, dawa ya kuibatilisha kwa mtu iwe imeshawekwa tayari na msaidizi anajua kuichoma. Timu isiyo na hiyo isitoke kambini.

Faru akianguka:

Kwanza mfunike macho na uzibe masikio kwa vitambaa. Mlaze kifudifudi, miguu ikiwa chini yake, na umgeuze upande akikawia, maana uzito wake mwenyewe unaua misuli ya mguu uliokandamizwa. Mtu mmoja kazi yake ni moja tu: kuhesabu pumzi. Etofini inazima upumuaji, ndiyo maana oksijeni ya puani na butofanoli, dawa ya kusaidia pumzi irudi, hubebwa.

Pima kutoka kwenye ngozi: sentimita 7 kwa pembe ya mbele, sentimita 5 kwa ya nyuma. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kuzunguka pembe yote, kisha ukate kwa chensoo juu ya mstari. Mkataji asikadirie kwa jicho. Wenzetu wa Mufindi na Njombe mnaopasua mbao mnajua mnyororo butu unavyochoma mbao. Kwenye pembe ni hivyohivyo, joto linashuka hadi kwenye sehemu hai. Mnyororo uwe mkali na maji yamwagwe. Kingo zilainishwe na kisiki kipakwe lami ya mti ili kisipasuke.

Wakati huohuo chukua damu, weka chipu kwenye kisiki na kwenye bega, kata alama ya sikio kama hana. Vipande vyote vya pembe, hata unga uliomwagika kwenye turubai, vinakusanywa, vinapimwa kwa mizani, vinawekwa chipu na kuandikwa kabla gari halijaondoka. Timu iliyojipanga humaliza ndani ya dakika 15, kisha daktari anachoma dawa ya kumwamsha na wote wako kwenye magari.

Pembe inaota sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa hiyo zoezi linarudiwa kila miezi 18 hadi 24. Nani atalipia zoezi la tatu na la nne? Hilo lijibiwe kabla ya kukata mara ya kwanza.

Msafwa_Halisi

Daktari nakuheshimu, ila hapo sikubaliani. Kisiki cha sentimita 7 bado ni mali kwa jangili. Zimbabwe walikata pembe mapema miaka ya 1990, na Hwange faru wasio na pembe waliuawa vilevile, wengine muda mfupi tu baada ya kukatwa. Na kuna utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2023 kuhusu faru weusi zaidi ya 300: waliokatwa pembe, maeneo yao ya kuzurura yalipungua kwa wastani wa karibu 45%. Faru anajiona hana silaha, anakwepa wenzake. Kwenye kundi dogo la mwanzo, madume na majike kutokutana ni tatizo la uzazi.

Daktari_wa_Pori

Hoja zako ni za kweli na sizikwepi. Ya Hwange jibu lake ni kwamba pembe zilikatwa huku fedha za doria zikipungua. Watu walidhani kukata kunachukua nafasi ya askari.

Lakini weka na upande wa pili. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa hifadhi za eneo la Kruger, Afrika Kusini, kwa miaka 2017 hadi 2023. Faru 2,284 walikatwa pembe kwenye hifadhi nane, na ujangili ukashuka kwa 78%, kwa kutumia 1.2% tu ya bajeti ya ulinzi. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwenda kwenye kukamata: watu kama 700 walikamatwa, na hapakuonekana ushahidi wa wazi kwamba hilo peke yake lilipunguza mauaji. Jangili anapima hatari na faida. Askari wanapandisha hatari, kukata pembe kunashusha faida. Ukifanya kimoja bila kingine unarudi Hwange.

Kuhusu maeneo kupungua, ndiyo, ni gharama. Kwa kundi jipya ndani ya uzio ningesubiri wazoee na wazae kwanza, huku ulinzi ukiwa mzito. Kundi likivamiwa, nakata siku hiyohiyo.

Na lile wazo la kutia sumu au rangi ndani ya pembe tulizike. Lilijaribiwa, pembe ni ngumu mno, kimiminika hakisambai.

Kasumulu_Boda

Ndaga fijo kwa somo. Mimi niongeze upande wa mpakani, maana sisi wa Mbeya na Songwe tuna Tunduma na Kasumulu, na ng'ambo zote mbili kuna faru. Zambia walitangazwa kutoweka 1998, wakarudishwa North Luangwa kuanzia 2003. Malawi walipokea 17 kutoka Afrika Kusini pale Liwonde mwaka 2019. Ruaha ikipata wake, barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA zinaunganisha nchi mbili zenye faru, sisi na Zambia, na Malawi iko hapo jirani. Mkaguzi wa mzigo lazima akijue kipusa akikiona.

Pembe ya ng'ombe, nyati au swala ni gamba lenye uwazi ndani lililovaa mfupa. Kipusa kimejaa mwanzo hadi mwisho. Tako lake ni pana, limebonyea kama sahani, na lina vishimo vidogo vingi mithili ya brashi iliyokatwa. Pembeni karibu na tako utaona nyuzi zimechanika kama ukambaa. Ukikata kipande na kukitazama kwa lenzi unaona nukta nukta zilizosongamana: hizo ni nyuzi za keratini kwa upande wa kichwa. Plastiki na gundi iliyogandishwa haina nukta hizo, ina viputo vya hewa.

Kuchoma na kunusa hakusaidii. Kipusa, kwato na ukucha vyote vinanuka sawa. Mtu akikuambia amethibitisha kwa kuchoma, amekuharibia kielelezo bure.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba siku hizi pembe haisafiri ikiwa nzima. Inachongwa shanga, bangili, vitufe, au inasagwa. Kwenye mashine ya eksirei bangili ni bangili. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza 2024 kuweka isotopu za mionzi ndani ya pembe za faru hai: kiasi kisichomdhuru mnyama, ila kinachoamsha vitambuzi vya mionzi vilivyoko bandarini na viwanja vya ndege, hata pembe ikiwa katikati ya kontena. Kitambuzi lazima kiwepo na kiwe kimewashwa, hilo ndilo sharti lake.

Soko? Yemen walitaka mpini wa jambia. Vietnam na China ni dawa na hadhi. Vietnam faru wake wa mwisho alikutwa ameuawa 2010 pale Cat Tien, pembe imekatwa. Afrika Kusini iliua, namaanisha ilipoteza kwa ujangili, faru 13 mwaka 2007 na 1,215 mwaka 2014. Miaka saba tu. Nchi yenye askari, helikopta na fedha kuliko sisi.

Mtoto_wa_Mufindi

Kutoka 13 hadi 1,215? Aisee.

Kasumulu_Boda

Ndiyo mkuu. Na 2024 bado walipoteza 420.

Wakili_wa_Gangilonga

Nakazia upande wa mahakama, kwa sababu kazi yote hiyo ya porini huvuja huku.

Nyara za serikali zinashughulikiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Sura ya 283, pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Adhabu ni nzito, kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kwa sababu hiyo mahakama inachambua ushahidi nyuzi kwa nyuzi, na ndivyo inavyopasa. Rufaa nyingi zinashinda kwa mambo ambayo askari angeyakamilisha kwa dakika kumi.

Hati ya ukamataji: iandikwe palepale, isainiwe na mtuhumiwa, mkamataji na shahidi huru. Shahidi huru si askari mwenzako. Kijijini mwite mwenyekiti wa kitongoji au jirani kabla ya upekuzi kuanza, si baada. Usiandike "pembe 2". Andika pembe moja ya mbele, urefu kwa mkunjo wa nje sentimita kadhaa, mzingo wa tako, uzito, rangi, mipasuko, na alama uliyoiweka wewe. Mwaka mmoja baadaye utaulizwa kizimbani unaitambuaje, na jibu la "naikumbuka" halitoshi.

Mnyororo wa utunzaji: kila mkono uliokishika kielelezo uwe kwenye fomu, na saa. Namba ya lakiri kwenye mfuko ifanane na ya kwenye rejesta ya ghala la vielelezo. Kesi imewahi kuharibika kwa tarakimu moja.

Hati ya thamani ya nyara: isainiwe na afisa wanyamapori mwenye mamlaka hayo kisheria, na aeleze mahakamani ametumia sifa zipi kutambua kwamba ni faru. Hizo sifa alizotaja Kasumulu_Boda, za tako na nyuzi, ndizo za kuandika.

Ridhaa ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka: zote ziwepo kabla mashahidi hawajaanza, zitaje vifungu sahihi. Zikikosewa, mwenendo wote unafutwa hata mtu akiwa amekutwa na vipusa kumi.

Vinasaba ndiyo daraja kati ya pembe na mzoga. Maabara ya Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, ina hifadhidata ya vinasaba vya faru. Unaweza kuunganisha unga wa pembe, damu kwenye shoka na mzoga fulani. Ukitoboa pembe kwa keekee kuchukua unga, badilisha kipande cha keekee kwa kila pembe. Ukitumia kilekile umechanganya wanyama wawili kwenye bomba moja, na wakili wa utetezi atakuuliza hilo swali la kwanza.

Msangu_wa_Ihefu

Hamjagusa maji. Ruaha Mkuu unakauka kila kiangazi tangu 1993, kwa sababu ya maji yanayochepushwa juu huku Usangu. Faru mweusi hupenda kunywa karibu kila usiku. Maji yakibaki kwenye madimbwi manne, jangili hana haja ya kufuata nyayo, anakaa dimbwini. Mwezi mpevu ukiangaza anaona bila tochi. Kwa hiyo ratiba ya doria isifuate Jumatatu na Ijumaa, ifuate mwezi na maji: Agosti hadi Novemba, siku tano kabla na tano baada ya mwezi mpevu, likizo zisitolewe. Na visima vichimbwe ndani ya eneo la ulinzi kabla faru hajashushwa.

Mzee_wa_Nyayo

Nakazia ya Msangu. Na zipo mbili zaidi za kabla ya kushusha.

Ya kwanza ni jamii ndogo. Faru wa Mkomazi na Serengeti ni wa jamii ya mashariki. Wa ukanda huu wetu wa kusini ni jamii nyingine, ileile iliyobaki Selous na iliyoko Zambia na Malawi. Kwa hiyo wa kuletwa Ruaha watafutwe kusini, wasiopungua 20 wasio na undugu, la sivyo baada ya vizazi vichache wanazaana ndugu kwa ndugu.

Ya pili ni mbung'o. Faru aliyekulia pasipo na mbung'o akishushwa Ruaha katikati ya masika anaweza kufa kwa nagana wakati mwili wake umeshachoka kwa safari. Aletwe wakati wa baridi, Juni au Julai, mbung'o wakiwa wachache, akae kwenye boma wiki kadhaa huku damu yake ikipimwa na akizoezwa majani ya hapa: migunga, mikole, minyaa. Chad walipeleka faru weusi sita Zakouma mwaka 2018, wanne wakafa ndani ya miezi michache kwa kushindwa kuzoea. Hakuna hata mmoja aliyeuawa na jangili.

Mnyalu_wa_Idodi (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu, nimenakili kila kitu.

Nimalizie kwa askari wa vijiji. MBOMIPA, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, ina askari wanaotoka Idodi na Pawaga, wanaojua nani kalala wapi na mgeni gani kafikia kwa nani. Taarifa yao ina thamani ikifika kabla risasi haijalia. Ili ifike, posho ilipwe kwa tarehe, na mtoa taarifa apigie namba moja inayopokelewa na mtu mmoja, si kundi la WhatsApp lenye watu 60. Alipo faru wajue wachache: timu ya siku hiyo na chumba cha redio. Waongoza watalii wazime alama ya mahali kwenye simu za wageni kabla ya picha, maana picha ikipanda mtandaoni ikiwa na nukta ya GPS, ramani ya Mzee_wa_Nyayo imeshatolewa bure.

Daktari, kuna swali moja bado halijajibiwa: hilo boma la kusubiri, nguzo ziwe za mti gani na zizikwe kina gani? Huku mchwa wanamaliza mti laini kwa msimu mmoja.

Daktari_wa_Pori

Tumia nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, zinapatikana Mufindi na Njombe. Zisimamishwe zikiwa zimebanana, pasiwe na pengo la kuingiza pembe, na uzike angalau mita moja. Magome yabanduliwe na misumari yote igongwe kwa nje. Weka vyumba viwili vyenye mlango wa kuteleza katikati, ili umhamishe upande mmoja unapofagia na kumwaga maji upande mwingine. Kivuli kifunike nusu ya kila chumba. Birika la maji liwe la zege, lizame chini usawa wa ardhi. La bati analipindua usiku wa kwanza.